Kiapo Changu kwa Wazee wa Fukayosi

Mwaka 1934, nikiwa na miaka kumi na minne, baba alikufa Fukayosi na chuo cha Kurani nikakiacha nikiwa na juzuu mbili tu. Nikalima vibarua, nikabeba magunia ya kopra, sikumlilia mtu. Shule ya serikali sikusoma hata siku moja. Nilicho nacho nimekitafuta kwa miguu yangu.

Nilipokuwa mtu mzima nikaandikwa kazi na Liwali wa Bagamoyo. Siku ya kwanza aliitazama kanzu yangu mpaka chini.

"Unajua kusoma?"

"Sijui, Bwana Liwali."

"Ndiyo maana nakutaka. Ukienda wewe, wataona hakuna aliyekuharibu."

Kazi ilikuwa kuita watoto. Madawati ya shule ya serikali yapo, watoto hakuna, maana wazee waliogopa shule itawabadilisha dini. Ninyi vijana mnadhani mzazi huitwa kwa tangazo. Mimi nilikwenda kwa miguu, Fukayosi, Kiwangwa, mpaka Chalinze. Kwanza unamwona mwalimu wa chuo, maana ndiye unayemnyang'anya watoto. Akikunja uso, rudi kwenu. Halafu baba mtu, baada ya swala ya alfajiri, kabla hajashika jembe. Akisema hapana mara ya kwanza hubishi, unaomba maji ya kunywa. Mwisho niliweka mkono juu ya msahafu wa marehemu baba: "Wallahi, dini ya mtoto huyu haitaguswa." Hapo ndipo walipotoa watoto. Hawakumpa Liwali, wala Mzungu. Walinipa mimi.

Miaka ya hamsini akaja mwalimu mpya wa somo la viumbe, Mnyamwezi, Mwislamu, mcheshi. Siku moja akafundisha kwamba wataalamu wanasema binadamu na nyani wana asili moja ya zamani sana. Shomari, mtoto niliyemtoa Fukayosi, akayafikisha nyumbani. Jumatatu hakuja mtoto hata mmoja wa Fukayosi.

Chakula kikanishinda. Kama ile ndiyo kugusa dini, basi nimeapa uongo, na aliyewapoteza watoto wa watu ni mimi. Njiani vijana wakanizomea: "Bwana Nyani huyoo! Leo unamfuata nani?"

Nikamchukua mwalimu tukaenda kwa baba yake Shomari, Mzee Kibwana. Baraza imejaa wazee. Mlango wa kutokea ulikuwepo, kila mtu aliuona: Mnyamwezi ni mtani wetu. Mtani anaweza kukuita nyani kwenye msiba wa babako, na ukacheka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mtani. Nasikia babu yangu alikuwa na mkia. Wa babu yako mliuuza kwa chumvi?"

"Tuliufungia mizigo, mzee, tulipoileta huku pwani."

Wazee wakacheka. Kibwana akainua mkono kuwatuliza. "Basi sema yale yalikuwa utani, tuyamalize. Kesho mtoto arudi."

Moyoni namwambia mwalimu: Sema, bwana. Sema tu.

Mwalimu akavua kofia. "Utani ninao, mzee. Lakini yale hayakuwa utani. Yamo kwenye somo, na mtihani utayauliza. Niliwaambia wanavyosema wataalamu, sikuwaambia wamwache Adamu. Mimi mwenyewe naamini. Namna mawili hayo yanavyokutana, bado najiuliza."

Nikajua basi, kiapo kimekwenda na kazi imekwenda.

Kibwana akanigeukia mimi. "Huyu nimemfungulia mlango wa uongo, hakupita. Mwanangu atarudi. Lakini wewe uliyeapa utakaa darasani kila siku ya somo hilo. Dini ikiguswa, mshike mkono umlete hapa."

Wengine hawakurudisha watoto wao kabisa. Mimi nikakaa dawati la nyuma na ndevu zangu, magoti yamegusa kidevu, nasikiliza habari za mifupa na samaki, naogopa neno litakaloniinua. Halikuja. Au lilikuja nisilielewe, na hilo ndilo linalonisumbua. Nimefunga funga ya kafara, ya kulipia kiapo kilichovunjika, kwa tahadhari.

Sasa nimestaafu. Nina nyumba ya bati Fukayosi. Nina mikorosho, na shamba la mananasi Kiwangwa. Nina baiskeli na mbuzi. Nina msahafu wa baba, sijauapia tena. Shomari ni mwalimu, anafundisha somo lile lile, na Ijumaa huswali safu ya mbele yangu. Akichelewa, mimi situlii mpaka nimwone anaingia msikitini.