Cheka Kwanza

Msusi wa soko la Otonglo hakugusi kichwa kabla ya kusugua mafuta ya nazi viganjani yapate joto, na kichana chake huanzia nchani mwa nywele, polepole, kama mama anayemvua nguo mtoto aliyelala. Nelima alikaa mbele yake ameuma meno. Miaka yote wasusi walimwambia mvumilivu hula mbivu. Akavumilia kuvutwa, mbivu akaikosa, akaambulia upara pembeni mwa paji. Mstari wa kwanza ulipokwisha, msusi alizunguka akamtazama usoni. "Cheka kwanza."

Nelima akatabasamu kwa adabu.

"Ah-ah, Mama, nyusi zimepanda. Hii inauma." Akaufumua mstari wote, akaanza upya, safari hii akilegeza mkono.

"Zikilegea si zitafumuka haraka?"

"Zikifumuka nitasuka tena. Ziking'oka nitasuka nini?"

Kila mstari ulipokwisha alizunguka, akaomba kicheko, akapewa. Alipozunguka mara ya mwisho alimkuta Nelima amelala, mdomo wazi, anakoroma. Akazichunguza nyusi, zilikuwa zimetulia mahali pake. Akavuta kigoda, akakaa kumngoja aamke.