Kiganja cha Fundi wa Bodi

Fundi wa bodi wa karakana yetu hapa Coventry hayaamini macho. Akishalipondaponda bati la boneti, huyafumba, akalipapasa kwa kiganja cha kushoto, taratibu, kama mtu anayetuliza farasi. Kiganja kikikwama, huchora duara kwa chaki. Sisi hatuoni kitu, lakini rangi ikishapakwa, bonde hutokea palepale. Ndivyo tulivyounda magari mawili ya kwanza ya majaribio ya hili gari letu jipya la spoti. La tatu lilipokamilika, dereva wetu Clifford alimtunishia kifua. "Haya mzee, nikague na mimi! Nina bonde wapi?" Kiganja kikateremka, kikakwama chini ya mbavu. Mzee akachora duara juu ya koti. "Leo usiende, kijana." Clifford akacheka. "Acha uchawi wako, kunywa chai, inapoa!" Akalitoa gari kulijaribu. Alipogonga ukuta, chuma cha usukani kilimwingia ndani ya duara lile lile. Sasa la nne liko tayari, na dereva ni mimi. Asubuhi hii nimemtunishia kifua. Mkono wa kushoto ameuzamisha mfukoni. Anasema anasikia baridi, na jasho linamtiririka.