Globu za Harusi ya Dada

Juzi swichi ya jikoni kwangu iliungua, na ile harufu ya plastiki iliyobabuka ikanirudisha kijijini kwetu Shumba, siku ya harusi ya dada Zuhura. Nilikuwa na miaka tisa, na kwa kimbelembele changu nilidhani harusi ni yangu.

Baba alikuwa fundi umeme. Siku ile alivuta umeme kutoka kwenye mashine ya kukoboa mpunga ya jirani, maana hapo tu ndipo palipokuwa na fezi tatu, yaani nyaya tatu zinazoleta umeme. Moja akaipeleka barazani kwa wanaume, moja jikoni, moja uani kwa wanawake. Zote zikarudi kwa waya mmoja, nyutro. Globu alizigawa kumi kumi. Mizigo ikiwa sawa, alinieleza, nyutro hupumzika. Ukizidi upande mmoja, hiyo ziada hubebwa na nyutro.

Mimi niliona choyo. Bi harusi apewe globu sawa na masufuria?

"Baba, si utuongeze huku!"

"Kila waya na nzigo wake, mwanangu. Usiguse."

Alipokwenda kusali magharibi, nikamwambia shangazi Bi Mwaka kwamba baba karuhusu. Shangazi, mpenda makuu, hakuuliza mara mbili. Akachomoa kamba za globu za jikoni na nusu ya za barazani, akazichomeka kwetu. Ua ukang'ara, dada akatolewa, vigelegele vikapaa. Haukupita muda, kiungo cha nyutro kikapata moto, kikaachia. Taa zetu zikafifia, na umeme ukazielemea globu chache zilizobaki barazani, zikapasuka moja moja juu ya kofia za wakwe.

"Fundi, kuna nini?" akauliza baba mkwe.

Baba alizitazama kamba, kisha akanitazama mimi, niliyejibanza nyuma ya kanga ya shangazi.

"Kosa langu, Mzee. Sikukaza waya."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wahenga wamesema; hawakusema kwamba guu laweza kuwa la mkuu mwenyewe. Tangu siku ile hakuna aliyemwita baba kufunga taa. Akahamia Unguja kutafuta kazi, tukawa tunamwona Idi kwa Idi. Nilimkosa mno. Kila alipokuja nilijiapiza kumwambia, nikashindwa, hadi akafia huko.

Miaka yote nilijifariji kwamba hakujua. Sasa nina watoto, na najua alijua pale pale aliponitazama. Alikubali kupoteza jina lake nisije nikaitwa mwongo mbele ya wakwe. Natamani angenigombeza, walau mara moja.