Kambi Iliyohama Kwenye Ramani

Baada ya swala ya adhuhuri stoo ya dawa za mifugo hufungwa kwa muda, na Garissa yote huwa kama imelala macho wazi. Mbuzi husimama kwenye kivuli cha ukuta bila kutafuna. Dagane, muuzaji wa stoo hiyo, halali. Huegemea maboksi ya dawa ya kupe, kuweka kompyuta yake magotini, na kuingia katika kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuiandika na mtu yeyote anaweza kuomba ifutwe.

Ana miaka arobaini na saba, na kazi hiyo ya kuhariri ameifanya kwa miaka sita bila kumwambia mtu ila dada yake. Zamani lile jedwali la pembeni mwa ukurasa, lenye jina la mahali, kaunti, idadi ya watu na nukta kwenye ramani, liliandikwa kwa alama tupu. Mabano mawili ya kufungua, mawili ya kufunga. Ukisahau moja, ukurasa mzima unamwagika kama gunia lililotoboka. Kisha kikaja kihariri kipya. Unabofya jedwali, dirisha linafunguka, kila taarifa ina kisanduku chake, na mahali huonyeshwa kwa pini nyekundu unayoiburuta kwa kidole.

Pini ilimpendeza mno. Ndiyo iliyomponza.

Ukurasa alioupenda kuliko yote uliitwa Reer Keynan. Ni kambi ya ukoo wa babu yake, familia kumi na moja na ngamia wao, na ndiko Dagane alikozaliwa. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa Garissa mjini, kwa kuwa karani wa siku ile hakuwa na Reer Keynan kwenye orodha yake. Katika maandishi yote ya dunia, jina hilo lilikuwa kwenye ukurasa huo tu.

Kambi ilipohama, mama yake alimpigia simu, naye akaihamisha pini. Hakuona kosa. Mtu akihama hubeba nyumba yake, haiachi nyuma. Basi alifuta mahali pa zamani akaweka papya. Mara nyingine aliiburuta polepole, kwa mwendo wa ngamia, akiipitisha kandokando ya laga, ule mto wa msimu, asije akaikatisha mahali pasipo na maji. Nje jua lilikuwa jeupe, na ndani ya kioo pini ilikuwa ikitembea, na kwa dakika chache hakujua yeye yuko upande gani.

Jumatatu moja akakuta tangazo jekundu juu ya ukurasa. *Umependekezwa kufutwa baada ya siku saba. Hapa si mahali. Picha za setilaiti hazionyeshi kitu.* Aliyeandika alijiita Bundi wa Njombe, mhariri ambaye Dagane hakuwahi kumwona.

"Ndugu, kambi ipo," Dagane alimwandikia. "Mama yangu anakaa humo."

Jibu lilikuja alasiri. "Msalimie sana mama. Lakini umeandika ni kijiji, na kijiji chako kimehama mara tisa. Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Badilisha aina, andika kambi ya wafugaji. Halafu usifute pini ya zamani. Bofya alama ya kujumlisha, uongeze nyingine, kila moja na mwezi wake wa kuanza na wa kumaliza. Nijazie majira yote manne ya mwaka, nami nitaondoa tangazo."

Mama yake, Amino, alikuwa mjini wiki hiyo kwa matibabu ya macho, nyumbani kwa Ugbad, dada yake Dagane. Dagane akaenda na kompyuta na kuketi mkekani karibu naye.

"Hooyo, wakati wa mvua ya gu mnakaa wapi?"

"Shanta-Abaq, upande wa machweo. Kwani umesahau?"

"Sijasahau. Nataka maneno yako. Na hagaa, mvua hiyo ikishakwisha?"

Akamtajia. Akamtajia pia mahali pa deyr, msimu wa mvua za vuli, karibu na Benane, mpaka mti uliopigwa radi. Dagane akaweka pini tatu.

"Na jilaal, wakati wa kiangazi kikali?"

Amino akanywa chai yake. "Nani ataiona hiyo?"

"Watu wote."

"Wote wa Garissa?"

"Wa dunia, hooyo."

"Na wale jirani zetu wenye mbuzi wengi, wana simu?"

Ugbad akacheka kutoka jikoni. "Hata mbuzi wao wana simu!"

"Basi jilaal hatukai popote," Amino akasema.

"Nisipojaza, jina letu litafutwa."

"Ngamia hawali jina, Dagane."

"Abboowe," Ugbad akamwita kaka yake, akija na birika, "umekuwa karani wa upepo. Mwachie mama malisho yake."

Siku ya sita, stoo ikiwa kimya, Dagane aliburuta pini ya nne hadi kwenye malisho ya jilaal. Alipajua hata akifumba macho. Kwenye ramani palikuwa rangi ya hudhurungi tupu, lakini yeye aliona nyasi ndefu zilizokauka zikiwa bado tamu, na ngamia wakipita katikati yake bila sauti, na mama yake akiwa kijana, kamba begani. Kidole kilikaa juu ya kitufe cha kuhifadhi. Bonyezo moja, na jina lingebaki. Bonyezo moja, na lori la mbuzi wa mtu mwingine lingefika pale mwezi wa pili, jilaal ikiwa kali.

Akaiondoa pini. Kando ya kisanduku palikuwa na chaguo jingine: *haijulikani*. Alilichagua, lakini halikumkalia vizuri, maana ni mtu asiyependa kuandika uongo hata wa neno moja. Kwenye mstari wa maelezo akaongeza: *Wenyewe wanapajua. Hawakutaka pawekwe.* Akahifadhi na kwenda kuhesabu chupa za dawa ambazo alishazihesabu asubuhi.

Kesho yake tangazo jekundu halikuwapo. Chini palikuwa na maneno ya Bundi: "Kwetu pia kuna mahali pa uyoga ambapo bibi hamwambii mtu. Ukurasa ubaki."

Jioni Dagane alimsomea mama yake.

"Huyo Bundi ana ngamia?" Amino akauliza.

"Hana hata mmoja."

"Mwambie aje wakati wa jilaal, tutampeleka akaone. Lakini simu aiache hapa kwa Ugbad."

Dagane akafungua kompyuta na kumwandikia hivyo hivyo.