Mafuta Yaliyokula Mpira

Watu wa Dongobesh wakitaka mpira huenda kwa Isidori, na Isidori huwauliza: mpira wa nini? Wengi hukasirika hapo hapo. Mpira ni mpira, wanasema. Mmoja anataka wa kupitishia dizeli kwenye injini ya kusaga, mwingine wa bomba la kupulizia dawa kwenye vitunguu saumu, mwingine wa kuvuta maji bondeni, na wote wana neno moja tu, lile lile la mpira wanaoucheza watoto. Isidori huwatazama kama anavyotazama kuku aliyeingia ndani.

Shule hakwenda. Maandishi yaliyopigwa kwenye mpira hayamwambii kitu, na anasema hayamwambii kitu hata anayeyasoma. Yeye ana chupa. Nyuma ya kibanda chake zimepangwa zaidi ya arobaini. Kila moja ina kipande cha mpira kilichozamishwa: hiki kwenye dizeli, hiki kwenye petroli, hiki kwenye dawa ya wadudu, hiki kwenye maji ya betri. Baada ya miezi anakitoa, anakikunja, anakinusa, anakivuta. Kuna vinavyovimba kama mguu wa mgonjwa. Kuna vinavyokauka na kukatika kama biskuti. Kuna visivyojali.

Hivyo ndivyo alivyojua mambo ambayo wenye vyeti hawayajui. Maji ya betri, yanayotoboa suruali mchana mmoja, hayaigusi plastiki. Dizeli, unayoweza kunawia mikono, inaumiza mpira mweusi wa maji mpaka unalegea kama ulimi. Mtu akimuuliza mpira upi ni imara, Isidori humjibu kwamba hakuna. Kuna ulio imara kwa kitu fulani. Kisha humwacha asimame pale na ujinga wake.

Chupa zilikuwa za mke wake, Marieta, aliyekuwa akiuza asali.

"Wewe mwanaume," alikuwa akimwambia, "chupa zangu umezifanya choo."

Marieta alikufa masika iliyopita. Tumbo, siku tatu. Chupa zimeongezeka tangu hapo. Hakuna anayezidai.

Jumanne moja akaja mwanamke kutoka Gitting, huko chini ya mlima Hanang. Jina lake Scolastica, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wenye mashine ya kukamua alizeti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mpira wa nini?"

Scolastica alifungua kitenge akatoa kipande cheusi, kimenona, kinateleza, akakiweka mezani. Isidori hakuhitaji kukigusa.

"Mmepitishia mafuta ya kula."

"Ndiyo. Kutoka kwenye mashine kwenda kwenye chujio. Sasa mafuta yananuka tairi."

"Nani aliufunga?"

"Fundi Wolfgang."

"Amesoma?"

"Amesoma chuo, baba."

"Inaonekana."

Mama yule alikuwa amechoka, hakucheka. Akaeleza. Kuna shule ya bweni inataka mafuta ya mwaka mzima. Pipa la kwanza walilikataa kwa harufu. Wamewapa akina mama nafasi moja tu, Jumamosi hii. Wakikataa tena, kikundi kitauza alizeti shambani kwa wenye malori kama zamani, na mashine itakuwa kiota cha panya.

"Nitakuja," alisema Isidori. "Huyo msomi aje pia. Aone."

Alijua tayari atakachofunga. Katika chupa zake moja ilikuwa na mafuta ya alizeti, na ndani yake kipande cha mpira wa levo, ule mweupe unaoonyesha ndani, ambao waashi hupimia msingi. Kilikaa humo tangu mavuno ya mwaka jana na hakikubadilika.

Kesho yake alishuka Katesh, dukani kwa Musa, kununua mpira wenyewe. Musa ni mtu wa maneno matamu.

"Shikamoo mzee wangu! Leo chukua huu mweusi wenye uzi ndani. Huu umetoka Ujerumani."

"Ujerumani wanalima alizeti?"

"Ah, mzee! Mpira ni mpira."

"Ni wewe uliyewauzia wale mama wa Gitting?"

Musa akaangalia rafu. "Waliomba mpira, nikawapa mpira."

"Wakiomba dawa ya kichwa utawapa ya panya. Zote dawa. Nikatie wa levo."

Musa alikata huku akicheka. Mtu wa namna hiyo huwezi kumtukana. Hana pa kushika.

Alhamisi asubuhi mashine iliwashwa. Wolfgang alikuwepo, mtu mzima wa miaka arobaini, ovaroli safi, kalamu mbili mfukoni. Isidori alifunga mpira wake mweupe mbele ya akina mama wote, akakaza bana ya chuma kwa bisibisi, akajipa muda. Wolfgang alitaka kushika upande wa pili.

"Acha," Isidori akamwambia. "Zamu yako ya kuharibu ilishapita."

Akina mama wakaguna. Wolfgang akarudi nyuma, masikio yamemuwaka.

Scolastica ndiye aliyeinama kuutazama ule mpira kwa karibu. "Baba, lakini haya mafuta yakitoka hapa huwa..."

"Mama, wewe mwaga alizeti. Mpira niachie."

Akamwaga. Mashine ikaguguna, mashudu yakatoka upande mmoja, mafuta upande mwingine. Yalipita ndani ya mpira mweupe yakionekana, ya dhahabu, mazuri. Isidori alikunja mikono. Alikuwa ameshaanza kumwambia Wolfgang kwamba chuo kilipaswa kumpeleka kwanza kuosha chupa.

Nusu saa haikufika. Mpira ukaanza kulala. Pale katikati ulilegea, ukaning'inia kama utumbo, ukajibana wenyewe. Mafuta yakakosa njia, yakarudi mdomoni mwa mashine, na mpira ukachomoka kwenye bana kana kwamba haukuwahi kukazwa. Mafuta yakamwagika sakafuni, ya moto, yanafuka. Wolfgang akazima mashine. Yale yaliyokwisha kuingia kwenye pipa yalikuwa na harufu ya kandambili mpya.

Kisha Scolastica, ambaye tangu Jumanne alikuwa na adabu zote, akaishiwa nazo.

"Baba, kule Dongobesh mafuta mnakamua ya baridi?"

Mama mmoja akaziba mdomo kwa kanga.

"Hebu tuambie. Nyumbani kwako mafuta ya kukaangia mlikuwa mnamiminia kwenye jagi la plastiki?"

Wakacheka wote, hata waliokuwa karibu kulia. Isidori hakucheka, kwa sababu jibu lilikuwa ndiyo. Aliyamimina humo, mara moja. Alitaka kumsaidia Marieta siku ya ubatizo wa mjukuu, akachukua karai jikoni akamimina mafuta yanayochemka kwenye jagi la bluu, na jagi likakaa chini kama mlevi. Marieta aliwaita majirani waje waone. Alicheka wiki nzima. Alimwita mjinga wa kuzaliwa.

Na yeye, mwenye chupa arobaini, hakuwahi kuzipasha moto hata moja. Mambo ya jikoni aliyaacha jikoni. Kwake jagi lilikuwa jagi na mpira ulikuwa mpira. Alikuwa sawa na Musa, ila Musa anacheka vizuri.

Angekuwepo Marieta, angemuuliza asubuhi ile kabla hajatoka: mafuta ya moto au ya baridi? Angeuliza bila hata kuinua macho kutoka kwenye mboga.

"Nimekosea," alisema Isidori.

Neno hilo lilitoka kavu. Akina mama wakaacha kucheka. Hawakuwa wamemzoea, lakini walitambua kwamba hata yeye hakuwa amelizoea.

"Sasa?" akauliza Scolastica. "Kesho kutwa wanakuja."

"Yakiwa ya moto yasiguse mpira wowote. Mweusi, mweupe, wa Ujerumani, wowote." Akamgeukia Wolfgang. Alimtazama muda, kama mtu anayechagua kati ya kumeza na kutema. "Una bomba la chuma?"

"Ninalo la maji, mzee. Halijatumika."

"Lioshe kwa maji ya moto na sabuni. Kisha tuinue hii mashine."

Wakaiinua siku ile ile, kwa magogo na mawe, kiasi cha goti. Mafuta yalitoka kwenye mashine yakashuka yenyewe kwa bomba la chuma mpaka kwenye mapipa mawili ya chuma. Ijumaa walikamua mpaka mchana wakaacha. Mapipa yakafunikwa, yakaachwa yapoe na uchafu utulie chini. Jumamosi asubuhi, baridi ya Gitting ilipokuwa bado inauma vidole, Isidori alitia mkono ndani ya pipa. Akasubiri. Akamwita Scolastica naye atie mkono.

"Yamepoa?"

"Yamepoa, baba."

Ndipo akaunga kipande kipya cha mpira mweupe, kutoka kwenye pipa kwenda kwenye chujio. Hapo ulikaa. Mafuta yalipita taratibu na mpira haukupinda.

Saa tatu akaja Judica, mtunza stoo wa ile shule, mwanamke mnene asiye na salamu ndefu. Alinusa dumu la kwanza, la pili, la tatu. Hakuridhika na pua. Alidai jiko, akakaanga kitunguu, akala chote peke yake huku akina mama kumi na wanane wakimtazama akitafuna.

"Haya," akasema. "Leteni kila mwezi. Yakinuka siku moja tu, tumeachana."

Vigelegele vikapigwa. Isidori hakushangilia. Alikuwa ameinama anakaza bana ya mwisho, na Wolfgang alikuwa amesimama juu yake.

"Mzee, huo mpira utadumu?"

"Hautadumu. Mafuta yananyonya ule ulaini wake, polepole, hata yakiwa baridi. Kila mwezi ufungue, uukunje. Ukiwa mgumu kama kucha, tupa. Usinipigie simu."

"Na ukiwa umelegea?"

"Ukilegea mmepitisha ya moto, na wewe ni mjinga kama mimi."

Wolfgang akachomoa kalamu moja, akaona haifai, akaokota kipande cha mkaa. Akaandika ukutani juu ya mashine: KUNJA MPIRA KILA MWEZI. Isidori alisimama akayatazama yale maandishi, ambayo hakuyajua hata herufi moja.

"Ongeza ukubwa," akasema. "Wasomi hawaoni vizuri."