Weusi wa Sosthenes

Faustina alikuwa amechoka tangu asubuhi, uchovu ule wa mtu aliyekesha na mtoto anayeota meno. Esta alikuwa mgongoni, hatimaye kasinzia, na kila Faustina alipoinamia printa kichwa cha mtoto kilimwangukia shingoni. Kibanda chake cha picha kiko Ipogolo, kando ya barabara kuu. Malori yakipita, meza inatetemeka.

Kwenye benchi alikaa Mama Rozalia, ameshika tama. Mwanawe mkubwa, Aroni, alisimama mlangoni akichungulia barabara. Mdogo wake, Sosthenes, alikuwa amefukiwa na kifusi kwenye machimbo ya dhahabu huko Chunya. Gari lililombeba lilishatoka Mbeya, na wenzake walikuwa wamesema kwenye simu: jeneza lisifunguliwe. Basi picha ndiyo itakaa juu ya jeneza, na watu watapita mbele ya picha kumuaga.

Picha yenyewe ilikuwa kwenye simu ya Aroni. Sosthenes kavaa koti jeusi na shati jeupe, siku ya harusi ya binamu yake. Walitaka ichapwe bila rangi, nyeusi na nyeupe, kama za msiba.

Faustina akafanya alivyozoea. Kila uso unaoingia pale huongezewa mwanga kabla ya kuchapwa, wateja wenyewe hudai, "Dada, ning'arishe basi." Mkono ukaenda wenyewe. Picha ikatoka safi, akampa mama.

Mama Rozalia akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Huyu nani?"

"Sosthenes, mama," Aroni akasema.

"Sosthenes gani? Huyu mtu wa kijivu mimi sikumzaa."

"Picha zote ziko hivyo siku hizi. Mtu anapendeza."

"Anampendeza nani? Mwanangu alikuwa mweusi. Nikimtuma chumvi jioni, akirudi naona meno tu yanakuja. Shuleni walimwita Masizi, na mwenyewe anaitika!" Akacheka, kicheko kikakatika katikati. "Uso wake sitauona tena. Na nyie mnaniletea wa jirani."

Faustina alikosa pa kuangalia. "Nisamehe, mama. Narudia."

Akaondoa ule mwanga, akaongeza wino. Safari hii karatasi ililowa mpaka ikajikunja. Nywele, uso na koti vikawa kitu kimoja, tena cheusi chenye ukijani. Alijua kwa nini. Kwenye karatasi ya kung'aa printa yake haigusi kabisa wino mweusi, inachanganya zile rangi nyingine tatu, inatoa weusi wa kuazima.

"Hili sasa balaa," Aroni akasema. "Macho yako wapi?" Simu yake ikaita. Akasikiliza, akaikata. "Wamepita Ifunda."

Esta akaamka akilia. Faustina akaegemea meza kwa mikono miwili. Miguu ilikuwa inamuuma, na alitamani kusema tu imeshindikana, nendeni mjini. Akahisi fundo la mbeleko likifunguliwa.

"Lete huyo mtoto," Mama Rozalia akasema. "Wewe fanya kazi."

Faustina akatafuta karatasi isiyong'aa, ile nene inayokunywa wino vizuri. Akaiambia kompyuta ni karatasi gani, ili weusi utoke kwenye tangi la wino mweusi wenyewe. Akaacha nywele na koti vizame weusini mpaka chini. Uso akaupandishia mwanga kidogo tu, ubaki mweusi lakini ujitenge na koti. Shati hakuligusa.

"Mama, njoo uone. Hapa shavuni palikuwa panang'aa?"

"Hapo na puani. Akitoka jasho." Mama alimbembeleza Esta huku macho hayatoki kwenye kioo cha kompyuta. "Chini ya macho punguza. Palikuwa peusi zaidi. Hapo. Usiguse tena."

Picha ikaanza kutoka polepole, mstari kwa mstari: nywele, paji, macho. Ilipofika kwenye midomo Aroni akageuka akatazama ukuta.

Faustina akampokea mtoto, akaishika picha kwa kingo, akaiweka mikononi mwa mama.

"Kamwene, mwanangu," Mama Rozalia akaisalimia picha kwa lugha ya kwao, taratibu, kama mtu anayempokea mgeni mlangoni.

Nje honi ikalia, gari lililombeba Sosthenes limefika. Aroni akatoa kitambaa cheupe ili aifunike, maana kwao picha ya marehemu haitembezwi wazi barabarani.

"Usifunike, kaka," Faustina akasema. "Wino bado mbichi. Ukigusa unamfuta."

Aroni akamtazama mama yake. Mama akaigeuzia picha nje, akaishika mbele ya kifua bila kuigusisha na nguo, akatoka nayo hivyo hivyo juani. Wauza nyanya wa kando ya barabara wakageuka. Mwanamke mmoja akainuka kwenye ndoo aliyokalia, wengine nao wakainuka, wakamtazama Sosthenes mpaka alipoingizwa garini.

Faustina akaketi pale benchini, akamnyonyesha Esta.