Mzee Erasmus na Kamba ya Makopo

Verdiana aliachwa na mumewe wakati wa palizi, na hilo la palizi ndilo linalomuuma mpaka leo kuliko kule kuachwa kwenyewe. Mwanamume mwenye haya, huwaambia wanawake wenzake wa Mwamkulu, angengoja mavuno ndipo apotee. Gelasius hakungoja. Aliaga kwamba anakwenda Mwese kuangalia mambo ya kahawa, akafunga redio, jembe jipya na lile blanketi zito. Redio na jembe Verdiana aliviona vikitoka, havikumwambia kitu. Blanketi ndilo lililompa habari kamili. Ni kweli Mwese kuna baridi, lakini mtu anayekwenda kuangalia kahawa habebi blanketi la watu wawili.

Alimwachia watoto watatu wakubwa, na wa nne tumboni. Huyo wa nne alipozaliwa wa kiume, Verdiana hakumwomba mtu ushauri. Alimpa jina la baba mkwe wake, marehemu mzee Erasmus, aliyekuwa mwenye shamba la mpunga la bondeni. Alitaka kila watakapomwita mtoto wakumbuke ni wa nani. Na katika ukoo ule, mtoto akishachukua jina la mzee, amechukua na heshima zake. Hapigwi ovyo, haitwi ovyo, na akililia kitu anapewa kwanza, maswali baadaye. Shangazi Pelagia, dada wa marehemu, alimwita mtoto "kaka" tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, akawa kila akija anamsimulia habari za magoti yake. Melkior, kaka mkubwa wa Gelasius, ilimbidi amwite "baba". Alilitamka neno hilo kama mtu anayemeza kwinini bila maji.

Melkior alikuwa na sababu. Shamba lake na shamba la Verdiana yamepakana, katikati kuna tuta tu, na tuta hilo lilikuwa likimnyima usingizi. Mwaka uliopita Verdiana alikuwa na mtoto mchanga, ndege waitwao kwelea wakashuka mpunga ukiwa bado na maziwa, wakaacha majani yamesimama kama ufagio. Melkior akaitisha kikao cha ukoo. Hakusema kwamba analitaka shamba, hapana. Alisema inamsikitisha kuona jasho la baba yao linanenepesha ndege. Kikao kikaamua kwamba Verdiana alime msimu mmoja zaidi. Ndege wakila tena kwa kukosa mlinzi, shamba lirudi kwa Melkior, na Verdiana atafutiwe mahali pengine. Mahali gani, hakuna aliyesema, na yeye hakuuliza. Alilijua jibu lenyewe, lilikuwa ni kurudi kwa mama yake mzee na watoto wanne na sufuria.

Basi masuke yalipoanza kutoka, akawakalisha chini watoto wake wakubwa. Akawaambia kwamba mwaka huu hakuna shamba bila walinzi, na walinzi ndio nyie. Wote watatu wakaitikia. Watoto wa Verdiana ni hodari sana wa kuitikia.

Recho, wa kwanza, anajifunza kusuka nywele katika saluni moja ya Kashaulili, mjini. Siku ya zamu yake kulikuwa na bibi harusi. Siku iliyofuata kulikuwa na wasimamizi wa bibi harusi. Verdiana akauliza kama Mpanda nzima imeamua kuolewa kwa pamoja msimu wa ndege, Recho akasema mama, wateja ndivyo walivyo.

Kelvin, wa pili, anaendesha bodaboda. Huyu alifika kweli shambani. Aliegesha pikipiki juu ya tuta, akakaa juu yake kaiangalia barabara, mgongo kaupa mpunga. Simu ikalia. Akasema anakwenda mara moja kumfikisha mama mmoja stendi, anarudi sasa hivi. Aliporudi jua lilikuwa limezama na ndege wamekwenda kulala wameshiba.

Obadia, wa tatu, yuko kidato cha tatu, na ana mitihani muda wote. Alikuja na daftari, akakaa kibandani akasoma kwa sauti, huku kwelea wakishuka mbele yake kama mvua. Mama yake alipokimbia kutoka ng'ambo akipiga debe, Obadia alimweleza kwa upole kwamba ndege hao huruka kwa makundi ili kila mmoja awe salama zaidi. Verdiana hakwenda shule hata siku moja, lakini kupasua kuni kumempa mkono mzito, na Obadia aliukumbuka mkono huo mapema, akaondoka na daftari lake.

Wakabaki wawili, Verdiana na mzee Erasmus. Mzee alikuwa hajatimiza miaka miwili. Alitembea kama mtu anayetoka kilabuni, na kila alipotembea alielekea kwenye mfereji. Ukimgeuza, anazunguka, anaelekea kwenye mfereji. Alikula tope, alikula mdudu, siku moja alikutwa na mguu wa chura mkononi na chura mwenyewe hakuonekana. Kulinda ndege ni kazi ya mtu mzima mmoja. Kumlinda mzee Erasmus ni kazi ya watu wazima wawili, nao wapokezane.

Sasa, kule bondeni watu huzungusha kamba shamba zima juu ya miti mifupi, wakaning'iniza makopo yenye mawe ndani. Mwisho wa kamba hufika kibandani, na mlinzi akivuta, shamba zima hupiga kelele. Asubuhi moja Verdiana alikuwa amechoka mpaka hakuna pa kuchokea tena. Alimfunga mtoto kanga kiunoni, na mwisho wa ile kamba akaufunga kwenye kanga. Hakuwa na ujanja wowote kichwani. Alitaka tu asizame majini wakati yeye anasonga ugali.

Mzee akasimama, akaona panzi, akamwendea. Kamba ikakaza, makopo yakalia kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho. Kwelea wakainuka wote kwa pamoja, kama vumbi la blanketi linalokung'utwa, wakapita juu ya tuta, wakatua kwa Melkior. Mzee alisikia kelele zile akafurahi. Akavuta tena.

Verdiana akasonga ugali wake, akaupakua, akala akiwa amekaa. Tangu Gelasius aondoke hakuwa amekula chakula cha mchana akiwa amekaa.

Siku zikaenda hivyo. Mtoto asiyetulia akawa mlinzi asiyelala. Akitaka mfereji, makopo. Akikasirika amenyimwa mfereji, makopo zaidi. Watoto wakubwa, waliposikia, walifurahi kwamba mama amepata msaada.

Ambaye hakufurahi ni Melkior. Alikuja hadi kwenye tuta, akakohoa, akasema: "Shemeji, ndege wako wananimaliza."

"Ndege wangu?" Verdiana akamjibu bila kuinuka. "Wao nao nimewazaa mimi?"

Melkior akamtazama mtoto, mtoto akamtazama yeye, akavuta kamba. Melkior akaondoka. Lakini hakuwa mjinga. Alikaa shambani kwake akachunguza, akagundua kitu ambacho Verdiana alikuwa akikiombea kisigundulike. Mchana, baada ya uji, mzee Erasmus huzimika kama taa iliyoishiwa mafuta. Hapo makopo hunyamaza, na kwelea, ambao hawana kazi nyingine, husikia ukimya huo kutoka mbali. Kila siku saa hiyo Verdiana huifungua kamba taratibu, akavuta mwenyewe mpaka mtoto aamke.

Basi Melkior akaenda kwa shangazi Pelagia, akamwomba aje kulikagua shamba la kaka yake aone linavyoliwa. Akapanga waje mchana, baada ya uji. Na kwa kuwa magoti ya shangazi hayatembei, akakodi bodaboda. Bodaboda aliyemkodi ni Kelvin.

Baadaye Verdiana alimuuliza mwanawe alijisikiaje kuwaleta watu wa kumnyang'anya mama yake shamba. Kelvin alisema hakuulizwa safari ni ya nini. Abiria ni abiria.

Walifika watatu kwenye pikipiki moja, shangazi katikati kafungwa kitenge kama gunia. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza amelala, kwenye mkeka, kamba kiunoni. Verdiana alikuwa ameinama aifungue. Akaona miguu ya shangazi wa mume wake, na mkono wake ukaacha kamba, maana mkwe anapofika huwezi kuendelea kufokea ndege. Alipiga magoti akaamkia.

Hesabu ya Melkior ilikuwa hapo. Salamu za shangazi Pelagia zinajulikana mpaka Mpimbwe. Anauliza hali yako, na ya watoto, mmoja mmoja, na ya mama yako, na kile kidonda chake, kisha anauliza mbuzi. Unajibu kichwa kimeinama, na huinuki mpaka akuinue. Verdiana akajibu. Nyuma yake akasikia kwelea wa kwanza. Kisha akasikia wengi, ule mlio wa kutafuna kama moto kwenye nyasi kavu. Akajibu habari za mbuzi. Shangazi alipokaribia kumaliza, Melkior akakumbusha kwa sauti ya huruma kwamba yule dada yake Verdiana naye alikuwa anaumwa. Shangazi akauliza habari za dada.

Verdiana alimjibu kwamba dada ni mzima, na moyoni alikuwa akiliona shamba likiondoka, suke kwa suke, naye amepiga magoti kama anayelisindikiza.

Ndipo shangazi akamwinua. Melkior akanyoosha mkono kuelekea kwenye mpunga uliokuwa umegeuka rangi kwa wingi wa ndege, akaanza kusema unaona, shangazi. Shangazi hakuona, kwa sababu alikuwa bado hajamaliza. Alikuwa hajamsalimia kaka yake.

Melkior alikuwa amehesabu kila kitu isipokuwa hicho.

Shangazi akainama kwenye mkeka, magoti yakimlalamikia, akasema kwa sauti ya mtu anayezungumza na kiziwi: "Kaka, nimekuja. Umelala mchana wote huu?"

Mzee Erasmus akaamka vibaya. Akalia kilio kile cha mtu aliyekatishwa usingizi, akakataa mkono wa shangazi, akakataa wa mama yake, akatafuta kwa macho. Macho yakatua kwa Melkior, ambaye alikuwa amening'iniza shingoni tochi inayong'aa. Akamnyooshea mikono yote miwili.

"Baba yako anataka umbebe," shangazi akasema.

"Shangazi, kwanza tuangalie hili shamba."

"Melkior. Baba yako analia."

Akambeba. Kilio kikakatika hapo hapo. Melkior akasimama na mtoto kifuani, na mtoto akaishika tochi, akairusharusha kwa furaha, na mwili mzima ukaruka pamoja nayo. Kamba ikakaza na makopo yakalia. Kundi lote likainuka na kupita juu ya vichwa vyao, likatua ng'ambo ya tuta.

Melkior aligeuka kuwatazama, na kwa kugeuka akavuta tena. Akasimama kimya asitingishike, mtoto akaanza kulia. Shangazi akamwambia atembee, mzee hapendi kusimamishwa. Akatembea. Kila hatua ilikuwa makopo. Alijaribu kumkabidhi mtoto kwa Kelvin, lakini simu ya Kelvin ilikuwa imeshalia, akasema anaitwa stendi, anarudi sasa hivi, na kwa mara ya kwanza maneno hayo yakamfurahisha mama yake. Alijaribu kuifungua kamba, shangazi akamzuia. Mtu akiwa kazini haondolewi vifaa vyake.

Verdiana alileta kigoda, shangazi akakaa kivulini na kikombe cha uji uliobaki, akimtazama mtoto wa kaka yake akimzungusha kaka yake. Melkior jasho lilimtoka mpaka kola ikabadilika rangi. Kila akigeuka aliona mpunga wake ukiliwa.

Mwisho akasema kwa unyonge kwamba wamekuja kwa ajili ya kile kikao.

"Kikao kilisema shamba likikosa mlinzi," shangazi akamjibu. "Mlinzi huyo umembeba. Shamba ni lake na analilinda mwenyewe. Unataka nimwambie nini, atoke?"

Melkior akaendelea kutembea. Mkononi alikuwa na baba yake, na baba yake alikuwa ameanza kumkojolea.

Mpunga ulivunwa. Siku ya kupura walikuja wote watatu. Recho alisema ni yeye aliyewahi kumwambia mama kwamba yale makopo yanafaa. Kelvin alisema kama si yeye kumleta shangazi, kesi isingeisha. Obadia alieleza jambo kuhusu sauti na jinsi inavyosafiri. Verdiana akawapa magunia wabebe.

Habari za mavuno zilifika Mwese kabla ya magunia kufika nyumbani, maana jioni ile ile Gelasius alimpigia Kelvin simu. Alisema amekumbuka nyumbani, na kwamba kule baridi imezidi, na kama mama yao hatakuwa na kinyongo angekuja kuwaona.

Kelvin akaishusha simu sikioni, akamwuliza mama amjibuje. Verdiana alikuwa anamwogesha mzee Erasmus kwenye beseni, na mzee alikuwa anapigania kutoka aende kwenye mfereji. Akamrudisha majini.

"Mwambie alitangulize blanketi," akasema. "Lenyewe nitalipokea."